Falme Zilizoizunguka Israeli na Maneno ya Manabii

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Leo tutasoma habari za vita vya kale, na habari za watu walioitwa manabii, ambao walisema maneno makali vita hivyo vilipokuwa vikikaribia. Mwalimu atundike ramani ukutani. Ikiwa hamna ramani, mwalimu achore ubaoni kwa chaki: upande wa kushoto bahari, katikati mto Yordani unaoshuka hadi Bahari ya Chumvi, na upande wa kulia jangwa.

Nataka kusema mapema kwa nini nimechagua somo hili. Katika madarasa niliyoyatembelea, mara nyingi mwanafunzi aliyekwisha jua kusoma huniuliza swali moja. Husema, "Bwana, nimesikia mhubiri sokoni akisema kwamba vita tunayoisikia redioni imeandikwa katika Isaya au Ezekieli. Je, ni kweli?" Mtu asiyejua kusoma hana la kufanya ila kuamini au kukataa. Lakini wewe unajua kusoma. Waweza kufungua kitabu mwenyewe na kuuliza: maneno haya yalisemwa na nani, kwa nani, mwaka gani, na adui aliyekuwa mlangoni siku hiyo alikuwa nani? Darasani mwenu wamo Wakristo, wamo Waislamu, na pengine wengine. Somo hili ni la historia, na kila mmoja aweza kulifuata.

Kwanza hesabu ya miaka. Miaka ya kabla ya kuzaliwa Kristo huandikwa K.K., nayo huhesabiwa kwa kurudi nyuma. Kwa hiyo mwaka 853 K.K. ulitangulia mwaka 722 K.K. Wengi huchanganyikiwa hapo. Andikeni ubaoni namba hizo mbili, mkumbuke kwamba kubwa ndiyo ya zamani zaidi.

Sasa ramani. Baada ya mfalme Sulemani kufa, kama mwaka 930 K.K., ufalme wake uligawanyika. Kaskazini palikuwa na Israeli, ambayo baadaye mji wake mkuu ulikuwa Samaria. Manabii pengine waliiita Efraimu. Kusini palikuwa na Yuda, na mji wake mkuu Yerusalemu. Falme zote mbili zilikuwa ndogo. Kutoka Dani, mpaka wa kaskazini, hadi Beer-sheba, mpaka wa kusini, ni kama kilomita 240. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na kupita mbele kidogo, umekwisha tembea nchi yote.

Tuwazunguke majirani. Kaskazini mashariki kuna Shamu, na mji wake mkuu Dameski. Pwani ya kaskazini kuna Tiro, mji wa wafanya biashara na mabaharia. Pwani ya kusini kuna Wafilisti, wenye Gaza na miji mingine. Ng'ambo ya Yordani kuna Amoni, kisha Moabu, kisha Edomu. Kila mmoja alikuwa na mfalme wake, na karibu kila mmoja alikuwa na mungu wa taifa lake. Njia mbili kubwa zilipita hapo, moja karibu na pwani kutoka Misri, na nyingine ng'ambo ya Yordani kwenda Dameski. Mwenye kushika njia alipata ushuru wa misafara. Nadhani hapo mmekwisha fahamu chanzo kimoja cha vita vyao.

Majirani hawa walipigana leo na kupatana kesho. Tuna ushahidi wa mawe, si wa Biblia peke yake. Mwaka 1868 huko Dhibani, mashariki ya Bahari ya Chumvi, mmisionari mmoja alionyeshwa jiwe jeusi lenye mistari 34 ya maandishi. Ni jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, aliyeishi zaidi ya miaka 800 kabla ya Kristo. Mesha asema kwamba Omri, mfalme wa Israeli, aliitesa Moabu siku nyingi kwa sababu mungu wao Kemoshi aliikasirikia nchi yake. Kisha Kemoshi akawarudia, naye Mesha akajikomboa. Fungueni 2 Wafalme sura ya 3 mtamkuta Mesha huyo huyo, mfugaji wa kondoo, aliyemlipa mfalme wa Israeli wana-kondoo 100,000 na manyoya ya kondoo waume 100,000, kisha akaasi. Habari moja imesimuliwa na watu wa pande mbili, na kila upande wasimulia kwa faida yake. Jiwe lile lilivunjwa vipande baada ya kuonekana, lakini chapa yake ilikuwa imekwisha chukuliwa kwa karatasi, na vipande vilivyookotwa vikaunganishwa. Leo liko Paris, katika nyumba ya makumbusho ya Louvre.

Na jambo jingine. Mwaka 853 K.K. mfalme Shalmanesa wa Ashuru alikuja kutoka mashariki na majeshi yake. Ashuru ilikuwa nchi ya mto Hidekeli, yaani Tigris, katika nchi iitwayo leo Iraki. Wafalme wadogo wakaungana kumzuia penye mji wa Karkari. Jiwe la Shalmanesa lawataja: mfalme wa Dameski na magari ya vita 1,200, Ahabu wa Israeli na magari 2,000 na askari 10,000, na Mwarabu mmoja na ngamia 1,000. Huenda mwandishi wa mfalme alizidisha hesabu. Wafalme hupenda kusema wamepigana na wengi. Lakini tazameni: Ahabu na mfalme wa Dameski walisimama bega kwa bega siku ile. Na Kitabu cha Wafalme chasema Ahabu alikufa akipigana na hao hao watu wa Shamu.

Ashuru ilisumbuliwa na mambo ya nyumbani kwake, ikanyamaza kwa miaka mingi. Israeli ikapata nafasi. Katika siku za Yeroboamu wa pili, mipaka ikapanuka, matajiri wakajenga nyumba za mawe na kulalia vitanda vya pembe za ndovu. Ndipo akatokea Amosi.

Amosi alikuwa mchunga kondoo na mkulima wa mikuyu wa Tekoa, katika Yuda. Hakuwa mtu wa Israeli ya kaskazini, lakini alikwenda huko, mpaka mahali patakatifu pa Betheli, akasema. Ilikuwa kama mwaka 760 K.K. Someni sura ya kwanza na ya pili ya kitabu chake, tena someni kwa sauti, maana maneno hayo yalitungwa ili yasikiwe kwa masikio.

Amosi aanza na majirani. Dameski italaumiwa kwa kuwa iliwapura watu wa Gileadi kwa vyombo vya chuma. Chombo cha kupuria cha nchi zile ni ubao mzito wenye meno chini yake, unaokokotwa na ng'ombe juu ya masuke ya ngano. Fikirini mwenyewe maana ya kumpitishia mtu chombo kama hicho, ikiwa ni mfano wa maneno au ikiwa ndivyo ilivyotendeka. Gaza italaumiwa kwa kuwateka watu wa mji mzima na kuwauza kwa Edomu. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana biashara hiyo. Tiro imefanya vivyo hivyo, tena imesahau agano la ndugu. Edomu imemfuatia ndugu yake kwa upanga. Amoni imewapasua wanawake wenye mimba ili kupanua mpaka wake. Moabu imeichoma mifupa ya mfalme wa Edomu ikawa chokaa.

Ngojeni hapo kwenye Moabu. Aliyetendewa ubaya huo ni nani? Si Mwisraeli. Ni mfalme wa Edomu, adui. Amosi asema kwamba kumvunjia heshima maiti wa adui ni kosa mbele za Mungu, hata ikiwa Israeli haikuguswa. Kwa maoni yangu, mstari ule ni mmoja wa mistari mikubwa sana katika kitabu chote, na watu wengi huupita mbio.

Wasikilizaji wa Betheli bila shaka walifurahi. Nani asiyependa kusikia jirani mbaya akishtakiwa? Duara ikazidi kufunga. Baada ya Moabu, Yuda. Na baada ya Yuda, Israeli yenyewe, nayo ndiyo iliyopewa mashtaka marefu kuliko wote: mnamwuza mtu wa haki kwa fedha, na maskini kwa bei ya jozi ya viatu, mnalalia nguo mlizochukua rehani. Mashtaka ya Israeli si ya vita. Ni ya deni na ya hukumu ya barazani. Kuhani wa Betheli akamwambia arudi kwao Yuda akale chakula chake huko. Yaani, ondoka mgeni.

Amosi hakulitaja jina la Ashuru katika mashtaka hayo. Lakini alisema Israeli watachukuliwa mateka mbali kuliko Dameski. Kwa mtu wa wakati ule, ng'ambo ya Dameski palikuwa na nani? Mwalimu aonyeshe ramani.

Mwaka 745 K.K. Ashuru ilipata mfalme mpya, Tiglath-pileseri wa tatu. Huyu alikuwa na desturi iliyotisha kuliko mapanga: aliyeasi aling'olewa na kuhamishwa. Watu wa nchi moja walipelekwa nchi nyingine, na wageni wakaletwa mahali pao, ili kwamba pasiwepo tena mtu wa kupigania kaburi la babu yake. Menahemu, mfalme wa Israeli, alimlipa talanta 1,000 za fedha ili abaki katika kiti. Aliwatoza matajiri, kila mtu shekeli 50. Hapa patafaa kwa hesabu. Talanta moja ni shekeli 3,000. Basi talanta 1,000 ni shekeli ngapi? Ukigawanya kwa 50, utapata walipa kodi wangapi? Jibu ni watu 60,000. Na hao matajiri walipokwisha toa, walizitafuta wapi fedha za kujirudishia? Someni tena mashtaka ya Amosi.

Sasa tumefika mwaka 734 K.K., na hapa nataka tukae kitako. Resini, mfalme wa Dameski, na Peka, mfalme wa Israeli, walipatana dhidi ya Ashuru. Walitaka Yuda iingie pamoja nao. Ahazi, mfalme wa Yuda, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikataa. Basi wakapanda kumpiga, wakakusudia kumwondoa na kumweka mtu wao, mwana wa Tabeeli. Isaya sura ya 7 yasema kwamba mioyo ya watu ilitikisika kama miti ya msituni itikiswapo na upepo.

Ahazi alikwenda mwisho wa mfereji wa birika la juu, katika njia iendayo uwanja wa dobi. Maandiko hayasemi alifuata nini, lakini mfalme anayengoja kuzingirwa hukagua maji kwanza. Isaya akamkuta hapo, naye yuko pamoja na mwanawe ambaye jina lake, Shear-yashubu, maana yake mabaki watarudi. Ushauri wake ulikuwa tulia, usiogope. Aliwafananisha wale wafalme wawili na vijinga vya moto vilivyokwisha waka, vimebaki kufuka moshi tu. Akampa ishara: mtoto atazaliwa, ataitwa Imanueli, na kabla mtoto huyo hajajua kukataa mabaya na kuchagua mema, nchi za wale wafalme wawili zitakuwa zimeachwa.

Injili ya Mathayo imeieleza ishara hiyo kwa kuzaliwa kwa Yesu, na Wakristo huisoma hivyo. Mambo hayo ni ya mafundisho ya dini. Mimi nawaomba mtazame jambo moja tu la historia: ishara ilikuwa na muda ndani yake. Ahazi aliweza kuhesabu. Mtoto huchukua miaka michache kupata akili ya kuchagua. Basi maneno hayo yalikuwa na kazi ya kufanya siku ile ile, masikioni mwa mtu mwenye hofu, penye mfereji ule.

Ahazi hakungoja. Alitwaa fedha na dhahabu ya hekalu, akazipeleka kwa Tiglath-pileseri na kujiita mtumishi wake. Mfalme wa Ashuru akaja. Mwaka 732 K.K. Dameski ikatwaliwa, Resini akauawa, na watu wakahamishwa mpaka Kiri, mahali pale pale alipopataja Amosi. Peka aliuawa na Hoshea, aliyekuwa mfalme baada yake. Vijinga vikazimika. Lakini Yuda sasa ilikuwa na bwana. Orodha ya Tiglath-pileseri ya wafalme waliomletea kodi yamtaja Ahazi wa Yuda, pamoja na wafalme wa Amoni, Moabu na Edomu. Ahazi aliogopa vijinga viwili, akaita moto wa msitu.

Israeli ya kaskazini haikudumu. Hoshea akaasi, Samaria ikazingirwa kwa miaka mitatu, ikaanguka kama mwaka 722 K.K. Mfalme Sargoni aliandika kwamba alichukua watu zaidi ya 27,000 kutoka huko.

Miaka 33 baada ya siku ile ya Ahazi, yaani mwaka 701 K.K., mwanawe Hezekia alikuwa mfalme, naye aliasi. Senakeribu wa Ashuru akaja na jeshi. Alitwaa miji ya Yuda mmoja mmoja, ukiwamo mji wenye nguvu wa Lakishi. Jumba lake la Ninawi lilipofukuliwa katika karne ya 19, zilionekana picha zilizochongwa mawe zikionyesha Lakishi ukianguka: ngazi na kilima cha kupandia ukuta, mishale, kisha msururu wa mateka, wanawake na watoto juu ya mkokoteni wenye mizigo yao. Picha hizo ziko London. Ninawi wenyewe ni ule mji wa Nabii Yona, ambaye Waislamu humwita Yunus. Magofu yake yako penye mji wa Mosul.

Senakeribu akampeleka amiri wake Yerusalemu. Someni 2 Wafalme 18, mstari wa 17, mwone amiri huyo alisimama wapi. Alisimama penye mfereji wa birika la juu, katika njia ya uwanja wa dobi. Ndipo mahali Isaya alipomwambia Ahazi asiogope. Wazee waliokumbuka siku ile walikuwa bado hai, wakitazama toka ukutani.

Amiri alisema kwa Kiyahudi, lugha ya watu wa mji. Maofisa wa Hezekia wakamsihi aseme Kiaramu, lugha ya serikali na biashara, ili watu walio ukutani wasisikie. Akakataa, akapaza sauti zaidi. Alijua vizuri kwamba maneno ya kutisha huingia ndani yakisemwa kwa lugha ya mama. Aliwacheka kwa kuitegemea Misri, akaiita mwanzi uliopasuka umchomao mkono aegemeaye. Misri wakati ule ilitawaliwa na wafalme wa Kushi, watu weusi kutoka mto Nili katika nchi ya Sudani ya leo. Biblia yamtaja mmoja wao, Tirhaka, kwamba alitoka kuja kupigana na Senakeribu.

Hezekia alilipa. Biblia yasema talanta 30 za dhahabu na 300 za fedha. Senakeribu katika maandishi yake asema talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Dhahabu inapatana kabisa, fedha haipatani. Asema pia kwamba alitwaa miji 46 yenye kuta, na kwamba alimfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege katika tundu. Soma vizuri usemi huo wa mshindi. Ndege amefungiwa, hasemi kwamba amekamatwa. Mahali pengine pote hujisifu kwa mji alioutwaa, lakini Yerusalemu hakuutwaa. Biblia yasema malaika wa Bwana alipiga kambi ya Ashuru usiku, na mfalme akarudi kwao. Senakeribu hana neno juu ya usiku huo. Mwaka 681 K.K. aliuawa na mwanawe. Biblia yasema ni wana wawili. Ninawi ukaangushwa mwaka 612 K.K. na Wababeli na Wamedi.

Sasa turudi kwa lile swali la sokoni. Wengi hufikiri nabii ni kama mpiga ramli, asemaye jambo litakalokuwa, kisha tunangoja kuona kama litakuwa. Lakini yuko nabii mwingine wa siku za Hezekia, Mika, mtu wa shamba. Alisema kwamba kwa sababu wakuu wanakula rushwa, Sayuni italimwa kama shamba, na Yerusalemu itakuwa magofu. Haikuwa hivyo siku zile, kama tulivyoona. Je, watu walimwita mwongo?

Jibu liko katika Yeremia sura ya 26. Zaidi ya miaka 90 baada ya Senakeribu, Yeremia alishtakiwa kwa kusema maneno kama ya Mika, na makuhani wakataka auawe. Wazee wa nchi wakasimama barazani, wakamtaja Mika kwa jina na kwa mji wake. Hawakusema, "Mika alitabiri vibaya." Walisema Hezekia alisikia, akamcha Bwana, na ubaya ukaepukwa. Kwa wazee hao, neno la nabii lilikuwa kama mtu apigaye kelele kijijini usiku kwamba moshi unaonekana. Ikiwa watu wanaamka na kuzima, nyumba haiungui, wala hakuna amwitaye yule mtu mwongo. Yeremia akaokoka. Sura hiyo hiyo yamtaja nabii mwingine, Uria, aliyesema maneno yale yale. Alikimbilia Misri, akarudishwa, akauawa kwa upanga. Mwaka 586 K.K. Wababeli waliuteketeza mji.

Mwalimu, ukizima redio, gawa darasa mafungu mawili. Fungu moja lisome Isaya 7, mstari wa 1 hadi wa 16, na jingine 2 Wafalme 18, mstari wa 17 hadi wa 36, kisha kila fungu lisimulie kwa maneno yake lilichosoma. Watakaomaliza mapema wafanye tena hesabu ya Menahemu bila kutazama ubao. Wiki ijayo tutasoma habari za Babeli na Nebukadreza. Kwaherini.